Mwanafunzi Akizima Bwenini: Mwongozo wa Walimu Kuhusu Dawa Mpya za Kulevya za Kemikali

Kutoka Njoro hadi Budalang'i, walimu wanauliza maswali yale yale. Hiki kikaratasi ni cha nini? Hii vepu (sigara ya umeme) ina nini ndani? Mbona mtoto alikuwa hajitambui kabisa, halafu kipimo cha mkojo kikasema hana kitu? Mwongozo huu unayajibu, ila kwanza shika hili: huhitaji kujua jina la dawa ndipo umwokoe mwanafunzi. Mara nyingi hata aliyeiuza hajui kilichomo. Unachohitaji ni kujua kuusoma mwili wa mtoto, na kuwa na utaratibu ulioandikwa kabla ya siku yenyewe kufika.

Tumemwandikia mwalimu wa zamu, mwalimu wa ushauri nasaha, matroni, naibu wa mwalimu mkuu na yeyote anayeamshwa usiku kuambiwa kwamba kuna mtoto ameanguka. Ni kwa shule za Kenya za sekondari na Gredi ya 7 hadi 9, za bweni na za kutwa.

Machache ya kujua kwanza

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, limeorodhesha zaidi ya kemikali 1,200 za aina hii tangu lianze kuzifuatilia. Watengenezaji hubadilisha sehemu ndogo ya kemikali ili sheria isiitaje na kipimo kisiione. Ndiyo maana kukariri majina ni kazi bure. Jifunze makundi haya matano:

- Bangi ya kemikali. Si mmea. Ni kemikali iliyoyeyushwa na kunyunyiziwa kwenye majani makavu yoyote, au kutiwa kwenye maji ya vepu. Ilitambuliwa Ulaya mwaka 2008 ndani ya pakiti za "Spice". Huishika ile sehemu ya ubongo inayoshikwa na bangi ya kawaida, ila kwa nguvu zaidi sana. Huleta kutapika, moyo kwenda mbio, kuona yasiyokuwepo, degedege, na mara nyingine mtoto kusimama kama aliyeganda.
- Kathinoni za kutengenezwa. Kathinoni ya asili imo kwenye miraa, na wanafunzi hujitetea kwa hilo: "Mwalimu, hii ni miraa tu ya unga." Sivyo. Mtafunaji wa miraa huipata kidogo kidogo kwa saa nyingi. Unga au kidonge humwaga yote mwilini kwa mpigo mmoja, tena ni kemikali kali kuliko ile ya jani. Mwili huchemka, mtu hushikwa na hofu na kuhisi anafuatwa, na hapati usingizi.
- Opioidi, yaani dawa za jamii ya afyuni. Humu mna tramadoli, kodeini ya dawa za kikohozi inayochanganywa na soda, fentanili, na jamii mpya ya nitazeni. Fentanili ina nguvu takriban mara 50 ya heroini. Kundi hili huua kwa kuzima pumzi.
- Dawa za usingizi za mitaani. Ni jamii ya benzodiazepini, zile ambazo wahalifu huzitia kwenye vinywaji vya watu na tunaziita "mchele". Zikichanganywa na pombe au opioidi, hatari huzidi mno.
- Vikaratasi vya kuweka ulimini. Huuzwa kama LSD, dawa ya kumfanya mtu aone yasiyokuwepo, lakini vingine vina kemikali iitwayo NBOMe, ambayo imeua watu kwa kiasi kidogo mno. Ladha chungu inayokwaruza ulimi ni dalili ya hatari.

Fahamu pia kwamba kiasi cha kemikali hakiko sawa hata ndani ya pakiti moja. Kemikali hunyunyiziwa kwenye majani bila mizani, kama mkulima anayepiga nyanya dawa kwa chupa iliyotobolewa kifuniko: tawi moja linalowa chapa, jingine linabaki kavu. Wanafunzi wawili wanaweza kuvuta msokoto mmoja, mmoja akacheka na mwenzake akaanguka. Kwa hiyo mtoto akikwambia "wenzangu walivuta na wako sawa", hajasema uongo, lakini hilo lisikutulize.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya ng'ambo. Nchini Sierra Leone, Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya dawa ya kulevya ya kuvuta iitwayo kush, na sampuli zilizopimwa maabara zilikutwa na bangi ya kemikali na nitazeni. Uingereza, Chuo Kikuu cha Bath kilipima vepu zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38 na kutoa matokeo mwaka 2024: takriban moja kati ya kila sita ilikuwa na bangi ya kemikali. Kwa macho huwezi kuitofautisha na vepu ya nikotini. Barabara kuu inayopita Nakuru kwenda Malaba na Busia hubeba mizigo ya nchi nyingi, na simu ya mwanafunzi hufika mbali kuliko barabara hiyo.

Vya kuandaa kabla ya chochote

Fanya maandalizi haya wiki ya kwanza ya muhula. Gharama yake ni ndogo.

- Sanduku la huduma ya kwanza lenye glavu jozi 10, kipimajoto cha dijitali, taulo mbili, bahasha za karatasi 10, kalamu ya wino usiofutika, na tochi yenye betri.
- Karatasi ya nambari, ibandikwe ofisini, kwa matroni na langoni: 1199 ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu, 999 au 112 ya polisi, 1192 ya NACADA kwa ushauri kuhusu dawa za kulevya, na 116 ya watoto. Ongeza nambari ya moja kwa moja ya kituo cha afya kilicho karibu na ya dereva wa shule.
- Jina la hospitali mtakayokimbilia na njia ya kufika huko usiku. Kwa wengi itakuwa hospitali ya rufaa ya Nakuru, Jaramogi Oginga Odinga Kisumu, ile ya kaunti Kakamega, au Moi pale Eldoret. Uliza mapema kituo kilicho karibu nanyi kama kina oksijeni na naloksoni, dawa inayofungua pumzi iliyozimwa na opioidi. Kama hakina, panga safari ya moja kwa moja hadi penye vyote viwili.
- Orodha ya siri ya wanafunzi wenye kifafa, kisukari, selimundu (sickle cell) na pumu, pamoja na dawa zao. Ikae kwa matroni na mwalimu wa zamu, isibandikwe ukutani.
- Watu wanne au watano waliofunzwa kufufua pumzi kwa vitendo. Kusoma karatasi pekee hakutoshi.
- Ahadi iliyoandikwa na kupitishwa na halmashauri ya shule: *mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili yake au mwenzake hataadhibiwa kwa kuita.*

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote. Bwenini wa kwanza kujua ni wanafunzi. Wakiamini kwamba kumwita mwalimu ni kufukuzwa, watamfunika mwenzao blanketi na kungoja kukuche. Isomeeni shule nzima ahadi hiyo, na mara ya kwanza itakapotumika muitimize hata kama inauma.

Hatua

1. Angalia pumzi kabla ya kuuliza swali lolote. Mwite kwa jina kwa sauti, mguse bega kwa nguvu. Asipojibu, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10: kama hapumui, nenda hatua ya 2 mara moja; kama anapumua, hesabu kikipanda na kushuka kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Kijana aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chini ya 10, au pumzi zenye mapengo marefu, au midomo na kucha kugeuka rangi ya majivu, ni dharura. Mtu mmoja apige 1199 na dereva awashe gari wakati huo huo. Msingoje kimoja kishindikane ndipo mjaribu kingine.

*Onyo:* kukoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida, tena kwa mtu asiyeamka, si usingizi mzuri. Ni njia ya hewa inayoziba. "Mwache alale, dawa itaisha" ni maneno ambayo yamewagharimu wengi uhai.

2. Mlaze kwa ubavu au anza kumpumulisha. Kama anapumua lakini hajitambui, mgeuze alale kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinuliwe kidogo nyuma ili matapishi yatoke. Mtu asimwache hata dakika moja.

Kama hapumui, au anavuta pumzi za mwisho mwisho za kukata, mlaze chali sakafuni na uanze kubonyeza katikati ya kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya mibonyezo 30, mpulizie pumzi mbili. Kwa opioidi, kilichozima kwanza ni pumzi, kwa hiyo kumpulizia kuna thamani kubwa. Badilishaneni kila dakika mbili, maana mikono huchoka kabla mtu hajatambua.

3. Soma mwili umeelekea upande gani. Mwili uliozidiwa huenda pande mbili.

*Unazima:* mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta, mwili umelegea, ngozi baridi, pumzi chache. Fikiria opioidi. Kama mboni ni za kawaida lakini mtu amelegea na hatamki vizuri, fikiria dawa za usingizi au pombe. Msaada wako ni ule ule: pumzi, ubavu, hospitali.

*Unachemka:* mboni zimepanuka, jasho, moyo mbio, anazungumza mfululizo au anapigana na asiyeonekana. Fikiria kathinoni, bangi ya kemikali au vikaratasi. Mpeleke mahali pasipo na umati, punguzeni taa na kelele, azungumze naye mtu mmoja tu. Pima joto. Likipita nyuzi 39, mvue sweta, mpangushe kwa taulo yenye maji ya kawaida na mpepee. Likifika 40 ni dharura ya kukimbiza hospitali. Paracetamol haishushi joto la namna hii.

*Onyo:* msimkalie wala kumbana kifudifudi. Kijana anayechemka akilaliwa na watu watatu anaweza kufa kwa kukosa hewa huku kila mtu akidhani ametulia. Kama lazima ashikwe, ashikwe kwa ubavu na kwa muda mfupi.

Akishikwa na degedege, ondoa vitu vya kumuumiza, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Degedege ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, ni dharura.

4. Kumbuka magonjwa yanayofanana na ulevi. Hapa ndipo walimu wengi wa ukanda wa ziwa hukosea. Malaria iliyopanda kichwani huleta kuweweseka na degedege. Sukari iliyoshuka humfanya mtoto wa kisukari ayumbe na kutukana kama mlevi. Kifafa humwacha amechanganyikiwa kwa muda baada ya kuanguka. Tazama ile orodha ya siri. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu huenda ana kipimo cha sukari na cha malaria cha haraka, naye hufika mapema kuliko ambulensi, ila msimngoje kama gari liko tayari.

Na mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa na tramadoli au kodeini aliyoandikiwa na daktari. Katika Nyanza na Magharibi watoto hawa ni wengi. Kumwanika mbele ya darasa kama mtumiaji wa dawa za kulevya ni dhuluma. Soma jina na tarehe kwenye pakiti, mpigie mzazi, na dawa ihifadhiwe na matroni.

5. Uliza maswali matano. Muulize yeye kama anaweza kuzungumza, kama hawezi waulize marafiki zake. Anza hivi: "Sikuulizi ili nikuadhibu. Daktari anahitaji kujua ndiyo akusaidie." Kisha:

- Umetumia nini, hata kama hujui jina lake? Kilifanana vipi?
- Kiasi gani, na kwa njia gani: kuvuta, kumeza, kuweka ulimini?
- Saa ngapi?
- Umechanganya na nini: pombe, dawa za hospitali, dawa za kikohozi?
- Nani mwingine ametumia?

Andika majibu kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Akisema ni "kitu ya chokoleti" au "ile ya rangi ya samawati", andika hivyo hivyo. Daktari atafasiri. Usimuulize aliyemuuzia sasa hivi. Swali hilo hufunga mdomo, na majibu ya yale matano yatapotea nalo.

6. Kagueni bweni zima papo hapo. Swali la tano ndilo linalowaokoa ambao hawajaonekana. Washeni taa, piteni kitanda kwa kitanda, na kila mwanafunzi ajibu kwa jina lake. Anayejibu kwa usingizi wa kawaida ni sawa. Asiyejibu, arudishwe hatua ya 1. Angalieni vyooni na nyuma ya bafu, kwa sababu wanaojisikia vibaya huenda kujificha huko. Asubuhi kabla ya darasa, rudieni: vidonge vilivyomezwa usiku huweza kuchelewa kupanda.

7. Safari ya hospitali. Aliyezimia apelekwe kwa gari, akiwa ubavuni kwenye kiti cha nyuma, mtu mzima mmoja akishika kichwa kisianguke kifuani na kuhesabu pumzi njia nzima. Bodaboda si chombo cha mtu asiyejitambua: akikalishwa katikati ya watu wawili, shingo hukunjika na hewa huziba. Chukueni karatasi ya majibu na, kama ipo, pakiti tupu.

Mtoto akizinduka njiani, msigeuze gari. Naloksoni ikishatumika nayo huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na baadhi ya opioidi hukaa mwilini kuliko hapo, kwa hiyo aliyeamka anaweza kuzima tena akiwa kitandani pake. Mwacheni chini ya uangalizi hadi daktari amruhusu.

8. Kilichopatikana. Vaa glavu. Usinuse, usionje, usiwashe vepu kujaribu. Weka kila kitu kwenye bahasha yake, ifunge, andika tarehe, saa, mahali na aliyekiona, kisha watu wawili watie sahihi. Unga ukikugusa, nawa kwa sabuni na maji, usitumie sanitaiza.

Kikabidhiwe polisi siku hiyo hiyo na mchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Dawa ya kulevya iliyokaa kwenye droo ya mwalimu wiki mbili "kama ushahidi" inamweka mwalimu mwenyewe pabaya mbele ya sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa hizo. Upimaji ni kazi ya Mkemia wa Serikali kupitia polisi, shule haina haja ya kujipimia.

9. Mpigie mzazi kabla uvumi haujamfikia. Apige mtu mmoja tu, na asianze kwa lawama. Kwa mfano: "Mama Wekesa, hujambo. Ni mwalimu wa zamu. Wekesa ameugua usiku huu, anapumua na tuko naye hospitali ya kaunti. Tunashuku kuna kitu alichomeza. Njoo na nambari yake ya bima ya afya ya SHA na dawa zozote anazotumia nyumbani." Kama mzazi anasikia vizuri zaidi Kijaluo, Kibukusu, Kimaragoli au Kikalenjin, tafuteni anayekizungumza. Habari nzito isipokelewe kwa lugha ya nusu nusu.

10. Kurudi shuleni. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza viboko na mateso ya kiakili. Kumsimamisha gwaridani na kutangaza kosa lake kunaingia humo. Taarifa za afya yake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, basi zijulikane na wale tu wanaomhudumia.

Kumtuma nyumbani wiki kadhaa kunaonekana kama hatua kali, lakini mara nyingi humrudisha kwenye kijiwe kile kile alikopata dawa, sasa akiwa na muda wote wa siku. Bora mpango ulioandikwa: kikao na mwalimu wa nasaha mara moja kwa wiki kwa muhula mzima, mzazi kila mwezi, mtu mzima mmoja anayemwamini, na rufaa kwa mtaalamu kama ameshindwa kuacha. Piga 1192 upate maelekezo.

11. Kufundisha shule nzima. Kijana aliyeacha dawa kuletwa jukwaani asimulie, picha za maiti, wanafunzi kufokewa gwaridani kwa muda wa saa mbili: viwango vya kimataifa vya kinga vya UNODC na WHO, toleo la 2018, vinaonyesha mbinu kama hizo hazizuii matumizi. Kinachosaidia ni vipindi 10 hadi 15, kimoja kwa wiki, ambavyo wanafunzi hufanya mazoezi: kukataa bila kupoteza rafiki, kukabili msongo wa mtihani, kugundua kwamba wengi wa rika lao *hawatumii*. Usitaje majina ya dawa wasizozijua, bei wala namna ya kutumia. Fundisha kila mmoja hatua ya 1 na ya 2.

Mambo yakienda kombo

*Kipimo cha mkojo kimesema hana kitu, lakini alikuwa hajitambui.* Kipimo cha duka la dawa hutafuta mabaki ya bangi ya mmea, hakioni bangi ya kemikali. Kile cha afyuni huona mofini na kodeini, lakini hukosa tramadoli, fentanili na nitazeni. Kinyume chake pia hutokea: baadhi ya dawa za mafua huweza kuonyesha kana kwamba mtoto ametumia amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili. Kwa hiyo majibu ya kipimo hicho yasimfukuze mtu wala kumsafisha mtu. Shule isipime watoto kwa lazima na bila mzazi kujua.

*Mzazi anakataa: "Mtoto wangu hawezi."* Usibishane kuhusu tabia. Mweleze ulichokiona kwa macho, saa kwa saa: alipumua mara ngapi, alisema nini, daktari aliandika nini. Mkubaliane kuhusu matibabu hata kama hamkubaliani kuhusu chanzo.

*Mwanafunzi anakataa kwenda hospitali.* Akiwa na fahamu lakini dalili zipo, asiachwe peke yake kitandani. Mpe anayemwamini, mara nyingi ni matroni au mpishi, akae naye. Akianza kusinzia, safari haina mjadala tena.

*Mmempa maziwa au maji ya chumvi atapike.* Acheni mara moja. Asiye na fahamu timamu huvuta kioevu hicho kwenye mapafu. Kahawa, maji baridi ya kumwagia na makofi navyo havitoi dawa mwilini. Mwambieni daktari kila mlichompa.

*Wanafunzi wengi wameanguka kwa pamoja.* Usirukie dawa za kulevya. Inaweza kuwa chakula, maji, au hofu inayoambukizana. Oktoba 2023, makumi ya wasichana wa shule moja Kaunti ya Kakamega walishindwa kutembea vizuri wakapelekwa hospitali, na hitimisho la serikali likawa hofu ya pamoja. Watenganisheni wagonjwa na watazamaji, hifadhini sampuli ya chakula cha mwisho, iteni afya ya umma ya kaunti.

*Video imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp.* Mwalimu mkuu atoe ujumbe mmoja mfupi kwa wazazi ndani ya saa chache: kuna mwanafunzi ameugua, anatibiwa, masomo yanaendelea. Jina lisitajwe, wala dawa. Anayesambaza video ya mtoto mgonjwa aitwe na aambiwe aifute.

*Mnashuku muuzaji ni mfanyakazi wa shule au mwenye kibanda langoni.* Msimtege wenyewe, wala msimtume mwanafunzi akanunue ili mpate ushahidi. Huo ni kumweka mtoto hatarini. Andikeni mliyoyaona, tarehe kwa tarehe, mpeleke kwa polisi na kwa chifu, na mfanyakazi aondolewe kwenye kazi inayomkutanisha na wanafunzi wakati uchunguzi ukiendelea.

*Umekagua masanduku na hukupata kitu.* Usiwavue wanafunzi nguo kamwe. Ukaguzi ufanywe na watu wazima wawili wa jinsia ya mwanafunzi, mwenyewe akiwepo, na sababu iandikwe. Kama umekagua mara tatu bila kupata kitu na watoto bado wanaugua, tatizo haliko masandukuni. Chunguza siku za kuugua: ni baada ya likizo fupi, siku ya wazazi, au mechi za nje?

*Nambari uliyobandika haipatikani.* Kila wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu wa zamu apige za kituo cha afya na dereva moja moja, aulize kama oksijeni na naloksoni zipo, aandike tarehe na majibu pembeni ya karatasi kisha atie sahihi.